Mwasho wa Sindano ya Kisukari

Mgonjwa wa kisukari pale Magomeni Mapipa akijidunga insulini, kisha ngozi ikavimba na kuwasha, wa kwanza kulaumiwa ni dawa. Zamani lawama hiyo ilikuwa ya haki.

Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho la ng'ombe. Sukari ilishuka kidogo tu, na pahala pa sindano pakafanya jipu. Madaktari wakasimama. Mkemia James Collip akakaa akiyasafisha yale maji, na tarehe 23 mwezi huohuo wakamdunga tena. Safari hii sukari ilishuka sawasawa, jipu lisionekane. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye taka.

Kwa miaka zaidi ya 50 baadaye insulini iliendelea kutoka kwa ng'ombe na nguruwe (jambo zito kwa mji wenye Waislamu wengi kama huu wetu), na ngozi nyingi ziliwasha, nyingine zikabonyea mashimo. Nafuu ilikuja viwanda vilipoisafisha zaidi katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 Marekani ilipoidhinisha insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria.

Mwaka 1985 Wadenmaki wakatoa kalamu ya insulini. Hapo ndipo mshitakiwa mwingine anapoingia: sindano yenyewe. Chuma chake kisichoshika kutu kina nikeli, madini yaleyale yaliyomo katika hereni nyingi za bei rahisi, kama zile zinazouzwa Kariakoo. Mtu ambaye hereni humtoa vipele anaweza, ingawa ni nadra, kuwashwa na sindano pia, na aghalabu mwasho huo hutokea baada ya siku moja au mbili. Ukitokea ndani ya nusu saa, madaktari huitazama zaidi insulini na vitu vilivyochanganywa nayo, kama protamini ya samaki na metakresoli, au mpira wa kizibo.

Lakini kwetu ipo sababu ya kawaida zaidi. Sindano ni ghali, hivyo moja hutumika mara nyingi. Ncha hubutuka, mafuta yake ya silikoni huisha, ngozi huchanika. Huo si mzio, ni umaskini.

Hatari ni mtu kuacha dawa kwa hofu ya mwasho. Utafiti wa Muhimbili wa akina Profesa McLarty na Dk. Swai, uliochapishwa mwaka 1990, ulifuatia wagonjwa wapya 1,250 wa Dar es Salaam wa miaka ya 1981 hadi 1987. Zaidi ya mmoja katika kila watano alihitaji insulini. Mtoto wa kundi hilo akiiacha, huhesabiwa siku.

Basi anayewashwa aende kliniki na kalamu, sindano na boksi la dawa mkononi, na aseme kama hereni humdhuru. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, asingoje kliniki. Akimbizwe hospitali saa ileile.