Kuonja mvinyo: Pua ya Unguja na zabibu ya Dodoma

MSAFIRI anayetua katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume na kushika barabara ya mjini hupita Kiembe Samaki kabla hajayaona mapaa ya Mji Mkongwe. Jikoni mwa nyumba za mtaa huo, kama ilivyo Unguja nzima, karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga si vitu vya anasa. Mtoto akifumbwa macho huweza kutaja kila kimoja kwa kukinusa tu.

Uwezo huo, ambao kisiwani huonekana ni jambo dogo, ndio hasa wapenzi wa mvinyo wa Ulaya na Marekani husomea kwa miaka.

Kuonja mvinyo si sawa na kuunywa. Waonjaji hukutana watu sita, wanane au kumi, wakiwa na chupa kadhaa mezani. Kila mmoja hutiliwa kiasi cha mililita 50, hivyo chupa ya kawaida ya mililita 750 hutosha watu 15. Huutazama mvinyo dhidi ya kitambaa cheupe, huunusa, huuzungusha mdomoni, kisha huutema katika ndoo. Kutema si utovu wa adabu. Asiyetema hufika chupa ya sita akiwa hana tena hukumu ya kutegemewa. Baada ya hapo huzungumza, na mazungumzo hayo ndiyo kiini cha shughuli nzima, kwani mtu akionja peke yake hubaki na maoni yasiyo na mpinzani.

Ulimi hufanya kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hutambua utamu, uchachu, uchungu na chumvi, lakini harufu za matunda na viungo ni kazi ya pua. Mvinyo uliokwisha utamu wote wa zabibu huitwa mkavu, ingawa ni maji matupu. Lugha za Ulaya zimeng'ang'ania neno hilo, nasi tumelirithi.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hulieleza kwa ufasaha zaidi. Maganda na kokwa za zabibu hutoa tanini, kitu kinachokausha fizi na kuufanya ulimi uwe kama umepakwa vumbi. Yeyote aliyewahi kuuma bibo la mkorosho au ndizi mbichi anaijua hali hiyo, na jina lake analo: ukakasi. Mvinyo mwekundu mchanga huwa na ukakasi mwingi. Ukikaa miaka, ukakasi hulainika. Mwanafunzi wa Kiingereza huhitaji aya nzima kuelezwa hivyo.

Sayansi nayo imeyapa maneno ya jikoni uzito usiotarajiwa. Waonjaji waliposema kwamba mvinyo uliokaa katika mapipa ya mwaloni unanukia karafuu, hawakuwa wakitunga ushairi. Mbao za mwaloni zilizobanikwa moto hutoa eujenoli, na eujenoli ndiyo kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Mapipa hayo hayo hutoa vanilini, harufu ya vanila. Kuhusu pilipili manga, jibu lilipatikana mwaka 2008, watafiti wa Australia walipobaini kwamba kemikali ya rotundoni, iliyomo katika pilipili manga, imo pia katika zabibu aina ya Syrah. Kwa hiyo mkulima wa viungo wa Kizimbani au Kidichi, ambaye huenda hajagusa mvinyo maishani, ana pua iliyozizoea harufu ambazo mwonjaji wa London hujifunza kwa kununua vichupa vya mafunzo.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Ann Noble, pamoja na wenzake, walichapisha mpangilio wa harufu za mvinyo uliochorwa kwa umbo la gurudumu, ili waonjaji waache maneno kama "mzuri" au "wa kiungwana" na kutaja vitu vinavyojulikana. Kasoro yake kwa Afrika Mashariki ni kwamba limejaa matunda ya porini ya nchi za baridi, ambayo wengi hawajayatia mdomoni. Kuyakariri ni kujidanganya. Mwonjaji wa Unguja ana haki ya kusema zambarau, ukwaju, stafeli, pera, ubuyu au embe bichi. Mvinyo wa Gewürztraminer, unaosifiwa Ulaya kwa harufu ya tunda la lychee na mawaridi, atausema una shokishoki, wala hatakuwa mbali, kwani lychee na shokishoki ni matunda ya ukoo mmoja.

Tahadhari moja inawahusu Wazanzibari kuliko wengine. Nguo iliyofukizwa udi, au marashi ya mafuta yaliyopakwa shingoni, huua kila harufu mezani. Anayekwenda kuonja huacha uturi nyumbani, jambo ambalo kwa baadhi ya watu wa mjini ni sawa na kuambiwa watoke bila viatu.

Mvinyo si mgeni wa jana katika mwambao huu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ujulikanao kama Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaeleza kwamba wafanyabiashara waliofika Azania, yaani pwani hii, walileta mvinyo na ngano katika baadhi ya bandari, si kwa kuuza bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Neno mvinyo lenyewe lilitokana na Kireno. Na kabla ya chupa za Ulaya, pwani ilikuwa na tembo la mnazi pamoja na wajuzi wake, waliolipambanua tembo tamu lililogemwa punde na tembo kali lililolala. Methali ya mgema anayesifiwa hadi akalitia tembo maji ni, kwa maana fulani, onyo la mwonjaji kwa mwonjaji.

Sifa huharibu hukumu, na ndiyo maana waonjaji makini huzifunika chupa kwa karatasi au soksi. Kila mmoja huandika maoni yake kimya kwanza, kwa sababu wa kwanza kusema "nasikia mdalasini" huwafanya wote waunuse. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux, Ufaransa. Walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikwisha kuiamulia pua.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha Paris, Mei 24, 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya majaji tisa wa Kifaransa waonje mivinyo ya kwao na ya California bila kuona vibandiko. Ushindi ulikwenda California kote kuwili: Chateau Montelena ya mwaka 1973 kwa mweupe, na Stag's Leap ya mwaka 1973 kwa mwekundu. Mpaka siku ile, jina la Ufaransa lilikuwa linatosha kushinda.

Hapo ndipo Dodoma inapoingia. Zabibu zilipandwa huko na wamisionari Wakatoliki wakati wa ukoloni, na misheni ya Bihawana hutajwa daima katika historia hiyo. Uwanda huo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, una mvua chache na jua jingi, na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Hulimwa aina ya Makutupora nyekundu, pamoja na Chenin Blanc na Syrah. Na huko Hombolo kiwanda cha CETAWICO kilileta aina za Kitaliano.

Hata hivyo, jina la Dodoma limejengwa zaidi na mvinyo mtamu wa bei nafuu, na hukumu hiyo huifuata hata chupa nzuri. Katika meza nyingi za hoteli za Unguja, mvinyo wa Afrika Kusini huagizwa kwanza, wa Dodoma huulizwa kwa udadisi. Mkulima ndiye hulipa gharama ya dharau hiyo. Zabibu iliyoiva haisubiri; ikikosa mnunuzi kwa siku chache huoza, na wakulima wa Dodoma wamewahi kulia kilio hicho zaidi ya mara moja. Chupa za Dodoma zingewekwa chini ya karatasi pamoja na za Cape, baadhi zingeshindwa kwa haki. Lakini zingeshindwa kwa ladha na si kwa kibandiko, na huenda zisingeshindwa zote.

Zanzibar kwenyewe suala si jepesi. Vileo huuzwa kwa leseni, hasa katika hoteli, na mwezi Januari 2024 mabadiliko ya leseni za waagizaji yalisababisha uhaba uliotikisa biashara ya utalii. Wananchi walio wengi ni Waislamu, na hadithi inayofahamika sana inawalaani watu kumi wanaohusika na pombe, akiwemo anayeibeba na anayeimimina. Kijana wa Kiembe Samaki anayetafuta kazi ya uhudumu analijua hilo vyema kuliko mgeni anayemwita mezani. Wapo wanaoikataa kazi hiyo, wapo wanaoomba wapangiwe jikoni au mapokezi, na uamuzi huo ni wao. Asiyeonja bado anaweza kuzijua harufu kwa viungo na matunda, na hiyo ni nusu kubwa ya elimu yenyewe.

Adui mkubwa wa mvinyo kisiwani ni joto. Kanuni ya kuandaa mvinyo mwekundu katika "joto la chumba" ilitoka katika nyumba za baridi za Ulaya, zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Unguja chenye nyuzi 30 huufanya ukali wa kileo upande puani na kuzifunika harufu nyingine. Mwekundu nao huhitaji robo saa au zaidi jokofuni. Mweupe hupendeza kati ya nyuzi 8 na 12. Chupa iliyosafiri juani kutoka bandarini huwa kama imepikwa, na kizibo chake mara nyingine huonekana kimejisukuma juu. Ikinuka uvundo wa karatasi iliyolowa, kosa ni la kizibo, na mhudumu hana budi kuibadilisha bila mjadala.

Iliyofunguliwa huzibwa na kuwekwa jokofuni, idumu siku mbili au tatu. Zaidi ya hapo huelekea kuwa siki, nayo siki iliyogeuka yenyewe wanazuoni wa Kiislamu wameikubali kuwa halali kwa kachumbari.