Ndege ya Rais: tuligombania bei, tukasahau matunzo

Uwanja wa ndege wa Nduli, nje kidogo ya mji wa Iringa, umepata lami. Kwa miaka mingi njia yake ya kurukia ilikuwa ya changarawe, ikitosha ndege ndogo za panga na za watalii waendao Ruaha. Injini ya jeti hunyonya hewa kwa nguvu kubwa, na jiwe dogo likiingia linaweza kuharibu mapanga ya ndani. Kwa hiyo ndege iliyozua ugomvi mkubwa kuliko zote katika historia ya anga ya nchi hii, Gulfstream G550 yenye usajili 5H-ONE, kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa na pa kutua kwa usalama karibu na Kalenga, huku kwetu Iringa. Sasa Nduli ina lami, na ndege yenyewe imevuka miaka 20 tangu ije nchini 2004. Ni wakati mzuri wa kuifungua upya habari yake.

Nyanda za Juu Kusini si ngeni kwa ndege za wakubwa. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya kwenda Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo baada ya Moshi na Dodoma, kabla ya Mpika. Mwaka 1937 safari hizo zikahamishiwa pwani kwa ndege za kutua majini, na Mbeya ikabaki na ndege ndogo.

Baada ya Uhuru, Serikali ilijenga kikosi chake taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Fokker 28, jeti ya Kiholanzi iliyopewa usajili wa 5H-CCM, herufi ambazo hazikuhitaji maelezo kwa nchi iliyokuwa imetoka kuzaa chama kipya Februari 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafuata Fokker 50 ya mapanga. Halafu Machi 1996 kampuni ya Fokker ikafilisika. Katika historia hii sioni tukio lililostahili kutushtua zaidi ya hilo, na halikutushtua. Ndege ambayo mtengenezaji wake amefunga kiwanda bado inaweza kuruka, kwani ziko kampuni zinazorithi vipuri na michoro, lakini kila mwaka kifaa kinazidi kuwa adimu na muda wa kukisubiri unarefuka.

Ukweli huo ndio uliokuwa hoja ya Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilipoamua kununua ndege mpya. Fokker 28 ilikuwa inakaribia robo karne. Haikuweza kwenda Ulaya bila kutua njiani kujaza mafuta. Gulfstream, iliyotengenezwa Savannah, Marekani, ina uwezo wa kuruka takriban kilomita 12,500 kwa mkupuo mmoja. London kutoka Dar es Salaam haiisumbui. Bei yake ilikuwa takriban dola milioni 40.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Novemba 2001 Tanzania ilikuwa imehitimisha masharti ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini, na kuahidiwa nafuu ya takriban dola bilioni 3. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa, watoto wamefurika madarasani, madawati hayatoshi. Wafadhili walikuwa tayari wamechukizwa na rada ya usafiri wa anga iliyonunuliwa kwa pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE Systems. Nchini Uingereza, Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Clare Short, aliipinga rada hiyo waziwazi ndani ya serikali ya Tony Blair. Sasa juu ya rada inaongezwa ndege ya kifahari.

Waziri wa Fedha, Basil Mramba, mbunge wa Rombo, aliitetea kwa kauli ambayo haijamtoka hadi leo, ingawa alifariki Agosti 2021. Alinukuliwa akisema kwamba hata ikibidi wananchi kula nyasi, ndege ya Rais itanunuliwa. Maneno mengi yamesemwa na mawaziri wa fedha na kusahaulika mwaka huohuo. Haya yalikaa. Wapinzani waliyabeba kwenye majukwaa ya kampeni, na mtoto aliyezaliwa baada ya ndege kutua anaijua habari ya nyasi pasipo kuijua habari ya ndege.

Huku kwetu kauli hiyo iliuma kwa namna yake. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa minne iliyoitwa ghala la taifa, ambako mahindi ya Ismani, Mbozi na Songea hupakiwa kulisha miji na mikoa yenye njaa. Kumwambia mkulima wa namna hiyo habari ya kula nyasi ni kumvunjia heshima, na sioni utetezi unaoweza kuifuta. Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi wakati huo ilikuwa chini ya mtu wa huku huku, Profesa Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki, na hata kiti cha Mramba kilikuja kukaliwa na mbunge wa Kalenga, marehemu Dk. William Mgimwa, kuanzia 2012 hadi alipofariki Januari 1, 2014. Bili za ndege za Serikali zimepita mezani kwa watu wetu wenyewe.

Lakini ukisoma magazeti ya miaka ile, ugomvi wote ni wa bei. Dola milioni 40 zinatajwa kila ukurasa. Hakuna aliyeuliza kwa sauti hiyohiyo ndege itatunzwa kwa shilingi ngapi kwa mwaka, na nani atafanya kazi hiyo. Mkulima wa Ismani anajua kuwa trekta halimalizwi siku ya kulinunua. Jeti ni hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Matengenezo yake hayafuati saa za kuruka peke yake. Mengine hufuata kalenda. Ndege ikae karakana mwaka mzima, bado mipira ya kuzuia mvujo inakauka, betri zinachoka, kutu inatafuta pa kuingilia, na magurudumu na miguu yake vinafikia tarehe ya kufumuliwa na kukaguliwa. Marubani nao lazima warudi mara kwa mara kwenye mitambo ya mafunzo ya kuigiza safari, waruke wasiruke.

Na kuna jambo linalowadanganya wengi wanaotamani jeti iliyotumika, iwe Serikali au tajiri wa mjini. Ndege ikizeeka bei yake sokoni hushuka sana. Bei ya vipuri vyake haishuki. Injini ya G550 inapofikia matengenezo makubwa hugharimu sawa, ndege iwe ya miaka 5 au 20. Gulfstream iliacha kuzalisha aina hiyo 2021, ingawa kampuni ipo na inaendelea kuzihudumia zilizoko angani. Kwa hilo tuna bahati kuliko tulivyokuwa na Fokker.

Majirani wamepita njia zao. Kenya imedumu na Fokker 70 ya enzi za Rais Daniel arap Moi. Uganda ilinunua Gulfstream mapema kuliko sisi, kisha ikabadilisha kwa G550.

Baada ya 2015 habari ikageuka. Rais John Magufuli alisafiri nje kwa nadra, Fokker 50 ikatolewa kwa shirika la ndege la taifa, ATCL, ibebe abiria, na Wakala wa Ndege za Serikali, ulioanza 2002, ukawa mmiliki wa ndege za biashara ambazo ATCL ilizikodi. Tatizo la matunzo likakua nazo. Mwishoni mwa 2022 baadhi ya Airbus A220 zilisimamishwa kwa hitilafu za injini, na Dreamliner moja ikakaa Malaysia kwa miezi mingi ikisubiri injini. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipotoa ripoti ya 2022/23, hasara ya ATCL ilikuwa shilingi bilioni 56.64, na ndege zilizolala chini zilitajwa miongoni mwa sababu.

Matunzo yanahitaji watu, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji sasa kinafundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege hapahapa nchini. Vijana wa Kalenga na Tosamaganga wenye alama nzuri za fizikia waambiwe hivyo. Na Bunge, ambalo hupitisha fedha za kununua ndege kwa makofi, lisomewe kila mwaka, ndege kwa ndege, 5H-ONE ikiwemo: imeruka saa ngapi, imelala siku ngapi, na kuitunza kumegharimu kiasi gani.