Tiba ya Kazi na Mikono ya Watoto

Mtoto mwenye viungo vyepesi hujifunza kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko na kunawa uso pasipo mtu kukumbuka siku aliyoanza. Kwa kuwa mambo hayo ni ya kila siku, wengi huyahesabu kuwa madogo. Lakini kwa mtoto ambaye mikono yake haimtii, ni makubwa kuliko mtihani wowote. Maana asiyeweza kujivika, kujilisha wala kwenda msalani peke yake, mara nyingi hubaki nyumbani wenzake waendapo shuleni. Elimu ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo huitwa tiba ya kazi. Neno kazi hapa lisidhaniwe kuwa ajira ya mshahara. Ni kila shughuli inayoijaza siku ya mtu: kula, kuoga, kuvaa na kuandika, na kwa mtoto, hata mchezo ni kazi.

Chimbuko la elimu hii halikuwa kwa watoto bali kwa wagonjwa wa akili. Katika karne ya 18 wengi wa wagonjwa hao huko Ulaya walifungwa minyororo wakaachwa bila shughuli yoyote. Mwaka wa 1796, katika mji wa York, Uingereza, William Tuke na wenzake wa madhehebu ya Quaker walifungua nyumba ya kuwatunza kwa upole. Humo wagonjwa walishughulika na bustani, ushonaji na kazi za nyumbani, na ikaonekana kwamba mtu apewaye jambo la maana la kufanya huweza kurejewa na utulivu wake.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, fikira hiyo ilipata nguvu mpya huko Marekani kwa mtu aliyeijua kwa mateso ya mwili wake. George Edward Barton alikuwa msanifu wa majengo. Kifua kikuu kilimdhoofisha, sehemu ya mguu wake ikakatwa, kisha ubavu wake wa kushoto ukapooza. Siku hizo madaktari wengi waliagiza pumziko refu kitandani. Barton hakuridhika na kulala. Alishika vyombo vya useremala na jembe la bustani, na nguvu zikamrudia kidogo kidogo. Mwezi wa Machi mwaka wa 1917, nyumbani kwake Clifton Springs katika jimbo la New York, watu sita walikutana wakaunda chama cha kuieneza tiba ya kazi.

Miongoni mwa sita hao alikuwamo Bibi Eleanor Clarke Slagle, ambaye alikuwa amefanya kazi Baltimore pamoja na daktari Adolf Meyer. Bibi huyu alitambua kwamba wagonjwa waliokaa hospitalini miaka mingi hupoteza mazoea ya kuishi. Basi akaipanga siku yao: saa ya kuamka, ya kunawa na kuvaa, ya kula, ya kazi, ya mchezo na ya kupumzika. Kwa njia hiyo kuvaa nguo na kunawa uso vikawa sehemu ya matibabu. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, iliyorudisha makwao maelfu ya askari wenye viungo vilivyoharibika, ilizidisha haja ya elimu hii. Na mwaka wa 1930 daktari Elizabeth Casson alifungua chuo chake cha kwanza nchini Uingereza, katika mji wa Bristol.

Watoto nao walifikiwa, hasa kwa sababu ya ugonjwa wa polio, ambao uliwapooza wengi kabla chanjo ya Jonas Salk haijaanza kutumika mwaka wa 1955. Nchini Kenya, chama cha kuwasaidia wenye ulemavu wa viungo kiliundwa mwaka wa 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya Joytown mjini Thika kwa watoto wa namna hiyo, na kabla ya miaka hiyo ya 1960 kwisha, watabibu wa kazi walianza kufunzwa Nairobi. Mwaka wa 1984 vikaanzishwa vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza kwenye masomo yanayowafaa.

Mtabibu wa kazi hufanyaje? Kwanza hutazama. Huigawa shughuli moja katika hatua nyingi, apate kuona ni ipi inayomshinda mtoto. Katika kuvaa shati, pengine atatenda hatua zote yeye mwenyewe na kumwachia mtoto ile ya mwisho tu, kuvuta kifungo kipite tundu lake. Akiiweza, ataachiwa mbili, kisha tatu. Na kila mara mtoto ndiye amalizaye. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye vidole vyake hukakamaa, huwekwa kwenye kiti kinachomfaa kimo, nyayo zikanyage imara, ili mikono iwe huru. Mpini wa kijiko chake huzungushiwa kitambaa uwe mnene, apate kuushika.

Wako pia watoto ambao viungo vyao havina kasoro ya kuonekana, lakini huangusha vitu, huandika kwa taabu na huchelewa kuvaa. Jean Ayres, mtabibu wa kazi wa California, alitoa kitabu juu yao mwaka wa 1972. Alieleza kwamba huenda shida imo katika jinsi ubongo unavyokusanya habari za mguso, za mizani na za mahali viungo vilipo. Wataalamu wangali wanajadiliana juu ya baadhi ya mafundisho yake, lakini swali lake lilikuwa jema. Mahali ambapo wengine waliuliza, "Kwa nini mtoto huyu ni mvivu?" yeye aliuliza, "Ni kitu gani kinachomzuia?" Ni watoto wangapi waliochapwa kwa sababu ya mwandiko, hali hakuna aliyeuliza hivyo?

Hapa pana funzo kwetu. Mtu amlishaye mtoto wa miaka tisa kwa mkono wake hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini mapenzi hayo yakizidi humnyima mtoto nafasi ya kujaribu. Wapo ambao watahitaji mkono wa mwingine maisha yao yote, na hao hawapungukiwi na heshima kwa ajili hiyo. Lakini anayeweza hatua moja aachiwe hiyo moja. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuingia shuleni. Nasi tulio shuleni tayari twaweza kuitimiza kila siku. Mwenzako akihangaika na vifungo au kalamu, usimcheke, wala usimpokonye. Muulize kama ataka msaada. Akisema hataki, mngojee, hata kengele ikiwa imekwisha lia.