Mafuta ya Taa Yalivyopanda Angani

Mafuta ya ndege za jeti yalizaliwa katika taa ya utambi. Uingereza ilipokuwa ikijaribu injini zake za kwanza za jeti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilihitajika vitani, hivyo yakatumika mafuta ya taa. Ndege ya Gloster E.28/39, yenye injini ya Frank Whittle, iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1941.

Taa haikuwahi kupelekwa kwenye baridi ya angani. Katika kimo cha mita 11,000, hewa hufikia takriban nyuzi 56 za Selsiasi chini ya sifuri. Mafuta yakipoa, mnato wake huongezeka na hutiririka kwa shida. Badala ya kupulizwa kama ukungu, huingia katika chumba cha mwako kwa matone makubwa yasiyoungua vizuri, na injini iliyozimika angani huwa vigumu kuiwasha tena. Baridi ikizidi, chembe za nta hujitenga na kuziba vichujio.

Mwaka 1944 Marekani iliweka kiwango cha JP-1, mafuta yasiyoganda kabla ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Sharti hilo lilikuwa kali mno, kwani ni sehemu ndogo tu ya mafuta ghafi iliyolitimiza. Mwaka 1951 ikaja JP-4, iliyochanganywa na mafuta mepesi ya jamii ya petroli. Ilipatikana kwa wingi na kustahimili baridi, lakini ilishika moto upesi.

Usafiri wa abiria ulishika njia ya kati. Jet A, inayotumika Marekani, haipaswi kuganda kabla ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Jet A-1, iliyoenea kwingineko duniani, kabla ya nyuzi 47. Kwa zote mbili, mnato katika nyuzi 20 chini ya sifuri hauruhusiwi kuzidi milimita 8 za mraba kwa sekunde.

Hata hivyo, kiwango cha kuganda hakimalizi hatari ya baridi. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 iliyotoka Beijing ilianguka kabla ya kufika njia ya kutua ya Heathrow, London. Mafuta hayakuwa yameganda. Barafu ya maji kidogo yaliyokuwamo ndiyo iliyozuia mtiririko. Wote 152 waliokuwamo walinusurika, na kifaa cha kupasha mafuta joto katika injini za aina hiyo kikabadilishwa muundo.