Tairi, pamba na mdudu wa mwaka 2000

Leo tuache kompyuta kidogo. Au niseme tunaitoa mlangoni tu, maana mtaona itarudi kwa dirisha.

Tarbaj iko kama kilomita 50 kutoka mji wa Wajir, kwenye barabara ya kwenda El Wak na Mandera. Huko gari la kazi ni Land Cruiser pikapu, na kabla yake ilikuwa Land Rover. Tairi lake linajulikana kwa namba: 7.50-16. Ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipimo cha rimu. Mnunuzi akifika dukani huuliza jambo moja tu: ni PR ngapi? Nane? Kumi? Yenye namba kubwa ndiyo ngumu, basi lete hiyo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hiyo PR hunivutia kwa sababu ni mabaki ya enzi nyingine kabisa.

Tairi la upepo lililoingia sokoni lilitoka kwa John Boyd Dunlop mwaka 1888, Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast. (Watu wa Wajir watapenda kusikia kwamba alikuwa daktari wa mifugo.) Raba peke yake haiwezi kuzuia upepo wenye presha, kwa hiyo matairi ya magari yalitiwa ndani matabaka ya nyuzi za pamba. Matabaka mengi, presha kubwa bila kupasuka. Siku hizo kuhesabu matabaka kulikuwa kuhesabu nguvu.

Kisha ikaja rayoni, halafu nailoni. Matabaka machache yakafanya kazi ya mengi. Sasa utamwambiaje mteja kwamba tairi jipya lenye matabaka manne lina nguvu kuliko lile la zamani lenye sita? Viwanda vikaamua kuandika nguvu inayolingana na ile ya pamba. PR 8 maana yake ni "nihesabu kama ningekuwa na matabaka manane ya pamba". Michelin walipopata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, nyuzi zikapangwa kwa namna nyingine kabisa, lakini PR ikabaki. Sisi waandika programu tunaujua mchezo huu: kitu kipya kinajifanya cha zamani ili wateja wa zamani wasivurugikiwe.

Namba ya kweli ni ile ndogo pembeni, mfano 116/114N. Hiyo inasomwa kwenye jedwali: 116 ni kilo 1,250 kwa tairi likiwa peke yake, 114 ni kilo 1,180 kila moja yakifungwa mawili mawili, N ni mwendo usiozidi kilomita 140 kwa saa. Pikapu ikijazwa mzigo, karibu wote unakaa nyuma. Matairi mawili hayo, kilo 2,500, na humo mhesabu uzito wa gari lenyewe na abiria waliokaa juu ya magunia.

Lakini kinachobeba mzigo si raba, ni upepo. PR 10 hubeba zaidi ya PR 8 kwa sababu inavumilia presha kubwa zaidi. Ukiijaza upepo wa PR 8, umelipa bei ya kumi ukapata uzito wa nane.

Na upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Ukijaza paundi 50 asubuhi kwenye nyuzi joto 25, tairi likifika nyuzi 60 barabarani geji itasoma karibu 58. Hesabu ni ya fizikia ya shule. Anayepunguza hizo nane pale mchana ataamka kesho na tairi pungufu, linalojikunja zaidi, linalopata joto zaidi.

Mwaka 2000 Firestone iliita matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. (Sisi Firestone tuliijua kwa kiwanda cha Nairobi, kilichogeuka Sameer Africa na kuacha kutengeneza matairi mwaka 2016.) Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilipita 270. Ford walilaumu tairi, Firestone wakalaumu gari. Katika mabishano hayo kulikuwa na paundi nne: Ford walishauri 26, Firestone wakataka 30.

Mwaka huohuo matairi nayo yalikuwa yakirekebisha mdudu wao wa 2000. Mwisho wa msimbo wa DOT kuna wiki na mwaka wa kutengenezwa, na hadi 1999 mwaka ulipewa tarakimu moja: 409 ni wiki ya 40 ya mwaka unaoishia na 9, muongo wowote. Tangu 2000 ni nne, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukikuta tatu tu kwenye tairi linaloitwa jipya, likate liwe hori la kunyweshea mbuzi.