Kuhifadhi ni Kushika

Ukitaja hifadhi mjini Arusha, msikilizaji huona geti, kiingilio na twiga wa Hifadhi ya Taifa pale chini ya Mlima Meru. Neno ni lilelile tunalolitumia tunaposema ngano zihifadhiwe, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Mtoto wa madrasa akisema amehifadhi juzuu, hasemi ameizungushia uzio. Iko kifuani mwake. Mwamshe usiku, ataisoma. Hifadhi kwa maana hiyo, iliyotufikia kwa Kiarabu, ni kazi ya moyo na ulimi. Ngano inadai hifadhi ya madrasa. Ya mbuga na ya kabati hazitoshi.

Tazama tulivyoupokea mkataba wa UNESCO wa 2003. Tumeandika "urithi wa utamaduni usioshikika". Usioshikika! Kiswahili gani kisichoshika maneno? Sisi hushika mila, hushika wosia; mwanafunzi mwepesi hushika somo mara moja. Hata shikamoo tunayowaamkia wazee imebeba kushika ndani yake. Kama nia ilikuwa kusema ngano haina umbo la jengo, usiogusika lingetosha. Mimi ningependa urithi wa kauli kwa yale yasemwayo, na urithi wa matendo kwa ngoma na jando. Nalipelekea Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ombi hilo kwa moyo mkunjufu.

Makumbusho ni neno tulilolipata sawasawa. Halitaji ghala wala kioo, linataja kumkumbusha mtu.

Fasihi simulizi inanipa kazi zaidi. Je, methali husimuliwa? Kitendawili hutegwa, ngano hutambwa, ngoma huchezwa, utenzi hughanwa. Kila kimoja kina kitenzi chake, na anayevijua vitenzi hivyo ameshajua nusu ya tanzu zenyewe. Tukivifunika vyote kwa kusimulia, tunavizoeza kulala. Tena fasihi ni ndugu wa ufasaha, na ufasaha ni wa ulimi kabla ya kuwa wa kalamu. Maandishi ndiyo mgeni aliyehitaji kutambulishwa. Kama lazima tuongeze sifa, basi fasihi ya kinywa.

Shuleni tumefundishwa fanani na hadhira. Fanani ni msanii yeyote. Mtambaji ana ngano yake, na kutamba kunabeba yale madaha ya mikono na macho ambayo msimuliaji hodari hawezi kuyaficha. Hadhira, nao, ni waliohudhuria tu. Hata anayesinzia amehudhuria. Lakini mtambaji akisema paukwa na asipatikane wa kusema pakawa, hadithi haianzi. Hao wanaomjibu ni waitikiaji. Neno ni jepesi na linawapa wajibu.

Waitikiaji nimewaona Levolosi, jirani na soko la Kilombero, kwenye nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vinazunguka ua mmoja. Bibi wa Kiarusha, wajukuu wakimwita koko, alikuwa akipepea jiko la mkaa huku akitamba kisa cha sungura na tembo, kile ambacho kwa lugha yake ni enkatini. Alitamba kwa Kiswahili, maana ua ulijaa watoto wa makabila mengi. Sungura alipoimba, Kiswahili kikakoma. Wimbo ulibaki wa Kiarusha, naye bibi hakuutafsiri. Mtoto wa Kichaga na wa Kirangi waliupokea neno kwa neno, sauti zikipanda palepale alipopandisha yeye. Maana hawakuijua.

Kipande kama hicho tukiite nini? Kiitikio kinataja kazi yake katika ngano. Kwa kazi yake katika lugha, napendekeza akiba: maneno yaliyowekwa kinywani mwa mtoto kabla ya maana, yakingoja siku atakapouliza.

Vijana wa Arusha hupiga stori, nami siligombi neno hilo, limeshakuwa letu. Linaloniuma ni "usiniletee hadithi". Kwa Waislamu, hadithi ni maneno na mwenendo wa Mtume, yaliyopokewa kwa mlolongo wa wapokezi wanaotajwa kwa majina. Neno lenye heshima hiyo kuligeuza kisawe cha uongo ni kulidhulumu, ilhali maneno uzushi na porojo yapo.

Utamaduni tumezoea kuutafuta mlimani, kwa wazee wa vijijini, kana kwamba ukiteremka hadi mjini unafifia. Kumbe kwa Kiarabu neno lenyewe lina shina moja na madina, yaani mji. Neno hili lilianza kwa watu waliokaa pamoja, na kule uani Levolosi, Mrangi akiitikia wimbo wa Kiarusha, liko kwao. Kwa yale ya ukoo, yanayoshuka damu kwa damu, tunazo mila na jadi. Tuziachie kazi hiyo, na utamaduni tuutaje bila haya tunaposema ya nyumba za kupanga, sokoni na stendi.