Utafiti wa Mwanza: Kutoka Zahanati hadi Vikundi vya Akina Mama

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana Tanzania kuhusu kuzuia maambukizi ya VVU vijijini ilipatikana Mwanza. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na haikuchukua muda ugonjwa ukazunguka ziwa zima.

Jaribio kubwa la kwanza mkoani Mwanza lilianza mwaka 1991, likiendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la AMREF na wanasayansi kutoka London. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kisonono na vidonda vya sehemu za siri huvifungulia virusi mlango, basi vitibiwe. Jamii 12 ziligawanywa jozi jozi. Katika kila jozi, upande mmoja watumishi wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara, na dawa zikahakikishwa hazikauki. Upande wa pili ulisubiri zamu yake. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande uliohudumiwa na asilimia 1.9 upande wa pili, yaani pungufu ya kama asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na dunia ikashangilia. Mwaka 1999 yakatoka ya Rakai, Uganda, ambako watu wote walipewa dawa kwa mpigo, wenye dalili na wasio nazo. Huko VVU havikupungua. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu. Ila majaribio yote mawili yalifanana kwa jambo moja: yalishughulika na vijidudu, si na mazingira ambamo watu walikutana kimwili.

Hatua iliyofuata iliwageukia wanafunzi. Mradi wa MEMA kwa Vijana, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulihusisha jamii 20, nusu yake zikiwa za kulinganisha. Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu wao wakisaidiwa na waelimishaji rika walioigiza michezo mifupi; watumishi wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwakemea; na vijana wenyewe waliuza kondomu kijijini. Ndani ya shule za msingi kuonyesha jinsi ya kuvaa kondomu hakukuruhusiwa. Vijana waliopitia mradi walijibu maswali vizuri kuliko wenzao, na tofauti hiyo ya ujuzi ilidumu miaka. Lakini vipimo vya damu vya mwaka 2007 na 2008, vilivyochukuliwa kwa vijana zaidi ya 13,000, havikuonyesha tofauti yoyote katika VVU wala malengelenge ya sehemu za siri.

Maelezo ya kushindwa huko yalikuwa yameshaanza kukusanywa kando. Kati ya 1999 na 2002 watafiti vijana walikwenda kuishi na familia katika vijiji tisa: wakalima nao, wakachota maji, wakakaa nao jioni. Waliyoyaona hayakuwa kwenye dodoso. Baadhi ya wasichana waliosema hawajawahi kufanya mapenzi walikutwa na mimba au maambukizi. Msichana alitegemea mwanaume kwa sabuni na pesa ndogo ndogo, na aliyekwisha kupokea hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa au kudai kondomu. Walikuwamo hata walimu waliowataka wanafunzi wao. Binti wa hali hiyo alijua vizuri jinsi virusi vinavyoambukizwa; alichokosa ni uwezo wa kuamua. Kwa mtazamo huo, jaribio lililoshindwa lilifundisha mengi kuliko lile lililoshangiliwa.

Ushahidi wa aina hiyo uliongezeka kutoka kwingine. Utafiti wa mwaka 1999 katika kituo cha ushauri nasaha na upimaji Dar es Salaam uliwakuta wanawake wa chini ya miaka 30 wenye VVU wakiripoti ukatili wa wenza wao mara kumi zaidi ya wasio navyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 uliohusisha vijana wa miaka 13 hadi 24 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa wavulana hawakumwambia mtu.

Katika muongo wa 2010 Mwanza ikaingia awamu nyingine kwa jaribio la MAISHA, lililofanywa kwa wanawake wa vikundi vya mikopo midogo. Walikutana kwa vipindi kumi kuzungumza juu ya ndoa, madaraka nyumbani na namna ya kusema bila ugomvi. Vipigo kutoka kwa wenza vilipungua kwa kiwango cha kuaminika. Ukatili wa kingono ndani ya ndoa haukupungua kwa uhakika huo. Waume hawakuwamo katika vipindi hivyo.